Kengele ya Tarishi Paskali

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana hapa Mawemawili watu hupenda kuanza na makosa ya wenzao. Mimi ndiye niliyekubali kubadilishana kiwanja. Mwaka ule wa sabini na nne ningekataa tu, Mama Alute angekaa nyumba ya kumi na nne, ukuta kwa ukuta na mkwewe, na labda kero ile ingewalazimisha wazee kulimaliza jambo mapema. Lakini bintiye, Magdalena, alikuja kwangu analia, na mimi mtu akilia mbele yangu sina ujanja.

Mawemawili iko pembeni mwa mji wa Singida, mwendo wa nusu saa hadi sokoni kama hujabeba kuku. Mimi nabeba kuku, ndiyo kazi yangu, kwa hiyo kwangu ni saa nzima. Zamani hapa palikuwa na majabali mawili, vichaka, na tembe chache zilizotawanyika. Ikaja Operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Watu wakashushwa kwenye malori na mawe yao ya kusagia, na kijana mmoja ofisa, mgeni wa mkoa huu, akaja na kamba na vigingi. Akapiga mstari mmoja kandokando ya barabara, kila mlango ukatazama barabarani, kila nyumba ikapewa namba kwa rangi nyekundu.

Alikuwa kijana mwenye adabu, simlaumu. Alimwona mama mzee, mjane, anashuka kwenye lori kwa shida, akitoka upande wa Ikungi. Akasikia kwamba bintiye, Magdalena, ameolewa hapahapa na tarishi wa serikali aitwaye Paskali, aliyepewa kiwanja namba kumi na tano. Akasema, "Basi mama huyu akae jirani na bintiye, apate wa kumchotea maji." Akaandika kumi na nne. Watu wote wakanyamaza, maana ofisa ni ofisa, na nani angeanza kumweleza mgeni kwamba kwetu mwanaume na mama wa mkewe hawatazamani?

Niliyekuwa na namba kumi na tatu ni mimi. Magdalena akanishika mikono. "Dada Martha, nisaidie. Mama atatokaje nje? Mume wangu atatokaje nje?" Nikakubali, na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Naftali, akajifanya hajaona. Mama Alute akaenda kumi na tatu, mimi nikahamia kumi na nne, nikawa ukuta kati ya watu wawili waliopendana.

Ndiyo, walipendana. Msomaji asiyejua mambo haya asidhani palikuwa na chuki. Paskali alikuwa hajawahi kuuona uso wa mama mkwe wake, wala hawakuwa wamewahi kusalimiana. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia, na mama anajifunika kichwa kwa kaniki yake na kugeuza mgongo. Ni heshima. Na katika ukoo wa Mama Alute heshima hiyo ina mwisho wake: binti akizaa, na mtoto akaanza kusimama, mkwe analeta mbuzi. Mtoto wa kwanza wa kiume wa mama mkwe anamchinja, mama anammiminia mkwe maji mikononi, na hapo wanasalimiana. Tangu siku hiyo mkwe anakuwa mtoto wa nyumba ile. Tatizo ni kwamba Paskali na Magdalena walioana mwaka wa sitini na tisa, na mtoto alikuwa hajaja.

Paskali alifiwa na mama yake angali ananyonya. Alilelewa na baba yake mdogo, mtu mkali, kwenye nyumba ya wanaume watupu. Siku moja alikuwa anaziba pancha ya baiskeli mbele ya mlango wangu, akaniambia bila kuinua kichwa, "Dada Martha, mimi nasalimia watu mia kwa siku. Nampa shikamoo hadi mlinzi wa benki. Lakini sijawahi kumsalimia mtu kwa kumwita mama na yeye akaniitikia kama mwanawe. Nataka hilo tu."

Nikamtania, nikamwambia aje anisalimie mimi. Akacheka, akasema mimi ni mwembamba mno kuwa mama wa mtu.

Tulizoea. Binadamu anazoea yote. Paskali alinunua kengele dukani kwa Chandrakant, kengele kubwa yenye sauti ya kukera, akaifunga kwenye ile baiskeli nyeusi ya kazi. Kabla ya kutoka asubuhi alipiga mara mbili. Mama Alute akisikia, kama yuko nje, anaingia ndani. Kama yuko njiani, anajifunika na kugeuka. Jioni akifika kwenye jabali la kwanza anapiga tena mara mbili, na mama anaacha kupeta mtama wake anaingia. Mara nyingi nilimwona akisimama nyuma ya mlango mpaka kengele ipite, anatabasamu peke yake.

"Amerudi," angesema. "Leo amechelewa. Mwambie Magdalena asimpe uji wa baridi."

Maneno yote yalipita kwangu. Mama Alute akiona shati la Paskali limeanguka kutoka kwenye kamba, anasema kwa sauti kubwa akimtazama kuku wangu, "We kuku, mwambie Martha kuna shati linaliwa na vumbi." Paskali akitaka kumpelekea mama sukari, anaiweka kizingitini kwangu na kusema, "Dada Martha, kuna mtu kasahau sukari hapa." Nilikuwa natumwa huku na huku kutwa nzima, na nilikuwa nanung'unika, na sasa ningetoa kuku wangu wote nitumwe tena mara moja.

Mama Alute hakuwa amewahi kukaa karibu na mji. Alipomaliza mwezi wa kwanza alianza kuuliza: kule kunakotoka moshi ni wapi, yale mabati yanayong'aa ni ya nani, ziwa hili na lile ni moja au mawili? Magdalena alikuwa kibarua shambani kila siku. Wa kumtembeza mama mji alikuwa Paskali, anayeujua uchochoro kwa uchochoro kwa sababu ya barua zake, na ndiye asiyeweza kutembea naye.

Basi akatutengenezea njia. Jumamosi jioni alikaa kwenye kizingiti changu akachora mchangani kwa kijiti. "Jumapili baada ya ibada mtoke na njia ya ziwa Kindai, siyo barabara kuu, jua litakuwa mgongoni. Mkifika kwenye jiwe lenye mgongo kama wa ng'ombe, mpumzike. Halafu dukani kwa Chandrakant. Nimeongea na mkewe, Ramila, atawapa maji ya kunywa. Halafu mwonyeshe boma la mkoa, lina ngazi. Mpandishe ngazi, dada Martha, hajawahi kupanda ngazi. Mwishie ziwa Singidani, awaone wale ndege wa miguu mirefu. Mimi nitakuwa upande wa stendi mpaka saa kumi, kwa hiyo asiwe na wasiwasi, hatutakutana."

Tukaenda. Kwenye jiwe lenye mgongo wa ng'ombe Mama Alute alikuwa anahema, akakaa, akatazama maji ya Kindai, akasema, "Mkwe wangu amejuaje kwamba hapa ndipo nitachoka?" Dukani Ramila alimkalisha kwenye kigoda na kumpa maji katika bilauri ya kioo. Mama aliishika kwa mikono miwili, anaogopa. Kwenye boma alipanda ngazi saba, akasimama juu, akashuka, akapanda tena. Karani mmoja alitaka kutufukuza, nikamwambia huyu ni mkwe wa tarishi Paskali. Akamwamkia shikamoo, akatuacha.

Jumapili nyingi tulifanya hivyo. Kila mara njia mpya, kila mara Paskali kaichora yeye. Kiwanda cha kukamua mafuta, msikiti, misheni, stendi ambako mabasi ya Dodoma yanaingia na vumbi lake. Nilizaliwa mkoa huu na kuuza kuku mjini miaka kumi, lakini mji huu niliuona kwa mara ya kwanza pamoja na bibi yule, kwa macho ya mtu ambaye hakuwepo. Tukirudi, mama ananiambia aliyoyaona, kwa sauti kubwa, akiwa amekaa upande wake wa nyumba yangu. Upande wa pili Paskali anajifanya anafuta baiskeli. Hakuna aliyekosa neno.

Mwaka wa sabini na sita Magdalena alijifungua mtoto wa kike, Leah, baada ya miaka saba ya kusemwa. Mama Alute aliingia ndani kwake akafunga mlango, nikamsikia analia kwa furaha. Paskali aliipiga kengele kutoka jabali la kwanza hadi mlangoni bila kukoma, mpaka Mzee Naftali akatoka kuuliza kama kuna moto.

Leah alisimama baada ya mavuno ya mwaka uliofuata. Alijishikilia kwenye gurudumu la baiskeli, akaachia, akasimama. Paskali hakusubiri hata kesho yake. Alinunua beberu mweusi mnadani, akaandika barua kwa shemeji yake Alute, kijana wa kwanza wa mama, anayefanya kazi kwenye mashine ya kusaga kule Shelui. Alute akajibu kwamba atakuja Jumapili ya mwisho ya mwezi. Paskali alinisomea barua ile mara tatu. Beberu akafungwa nyuma ya nyumba yangu, katikati, na akala mchicha wangu wote, nami sikusema kitu.

Mama Alute naye hakutulia. Mkwe angeingia nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, na kuta zilikuwa zimepasuka. Jumatano, siku nne kabla, alitoka na karai kwenda Kindai kuchota udongo mweupe wa kupaka ukuta. Nilimwambia, "Mama, ngoja nirudi sokoni, tutakwenda wote." Akanijibu, "Martha mwanangu, hii nyumba niipake mwenyewe. Mgeni ni wangu."

Saa nane hivi nilikuwa nimerudi, nanyonyoa kuku, nikasikia kengele jabali la kwanza. Paskali alikuwa amerudi mapema. Matope yalimfika magotini, na alikuwa anacheka.

"Umeanguka?" nikamuuliza.

"Sijaanguka. Nimemwona mama pale kwenye lile jiwe letu. Amekaa, amejifunika, amegeuza mgongo. Nikapiga kengele, hakuinuka. Nikasema mzee amechoka, kwa nini nimsumbue atoke njiani? Nikashuka mimi, nikapitisha baiskeli matopeni." Akajitazama miguu. "Siku nne tu, dada Martha. Jumatatu nikimkuta pale nitamwambia, mama, panda nikubebe."

Nikacheka naye. Nilicheka, Mungu anisamehe, nikaendelea kunyonyoa kuku wangu.

Ilipofika saa kumi mama hajarudi, nikaanza kukosa raha. Nikajifunga kanga nikaenda. Alikuwa palepale kwenye jiwe, vilevile, kaniki kichwani, mgongo njiani, karai la udongo mbele yake. Nikaita, hakugeuka. Nikaivuta kaniki. Uso wake ulikuwa umejaa jasho, midomo imebadilika rangi, mkono umeshika kifua. Alikuwa hai. Akanitambua.

"Kifua kimenibana tangu mchana," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, nikainama. "Nilisikia kengele."

"Mama! Kwa nini hukumwita?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto. "Ningemwitaje? Bado siku nne."

Hayo ndiyo maneno. Nimeyabeba mwenyewe tangu siku hiyo, na leo nayaweka hapa kwa sababu yamenichosha.

Nilipiga kelele mpaka wachunga mbuzi wakanisikia, mmoja akakimbia Mawemawili. Wa kwanza kufika ni Paskali na baiskeli yake, Magdalena akikimbia nyuma na mtoto mgongoni. Paskali alisimama hatua ishirini, akageuza uso upande wa ziwa.

"Dada Martha, chukua baiskeli. Mpandishe, mpeleke hospitali."

"Mimi sijui kuimudu baiskeli na mtu juu yake! Njoo ushike wewe!"

"Siwezi kumsogelea, dada Martha."

"Paskali, mama wa watu anakufa!"

Ndipo akaja kinyumenyume. Sijawahi kuona kitu kama kile na sitaki kukiona tena. Alikuja kinyumenyume hadi kwenye jiwe, akashika usukani, macho mbele. Mimi na Magdalena tukampandisha mama kwenye keria, tukamshikilia huku na huku, na Paskali akasukuma. Njia ya Kindai yote, barabara ya soko, mbele ya duka la Chandrakant ambako Ramila alitoka akashika mdomo. Njia ileile aliyoichora kwa kijiti. Hakugeuka hata mara moja. Kichwa cha mama kilikuwa kimeegemea mgongo wake, na shati lake la kaki lililowa jasho la mama, na yeye akasukuma tu.

Karibu na boma akauliza, "Anaendeleaje?"

Magdalena alifungua mdomo, nikamkataza kwa macho. Mama alikuwa ameshatutoka hatua nyingi nyuma. "Twende," nikasema. "Sukuma, twende." Nikamwacha amsukume mama yake hadi mlangoni mwa hospitali akidhani ni mzima.

Tulimzika Ijumaa. Alute alikuwa amefika kutoka Shelui kwa lori la mahindi, amevaa suti aliyoiandaa kwa Jumapili. Maiti ilipotolewa ndani, Paskali alisimama nyuma ya nyumba yangu, pamoja na beberu, akitazama ukuta. Mkwe haoni, hata hapo haoni. Watu wengine walimsifu kwa kushika mila. Nilitamani kuwatemea mate.

Jumapili asubuhi Alute aliita watu wachache. Akasema, "Mbuzi huyu mama alishatajiwa. Hatarudi zizini." Akamchinja mbele ya namba kumi na tatu, yenye ukuta uliopakwa nusu, maana udongo ule wa kwenye karai Magdalena alikuwa ameupaka jana yake mpaka ulipoishia. Halafu akachukua kibuyu cha mama yake, tukaenda makaburini. Alute akamimina maji kwenye mikono ya Paskali, polepole, kama ambavyo mama angefanya. Yakamwagika kwenye udongo mbichi.

Paskali alipiga magoti. Kwa miaka minane alikuwa ameisubiri salamu ile, na ilipofika aliisema kwa sauti safi, kama anavyowaamkia wakubwa wa ofisi.

"Shikamoo, mama."

Kwetu shikamoo haiachwi hewani. Ni aibu, ni kama kumfukuza mtu. Tukasimama pale, Alute anatazama chini, Magdalena kaziba mdomo kwa kanga, na Paskali amepiga magoti anangoja. Anangoja kweli. Kisha akainua uso akanitazama mimi, kama alivyonitazama siku zote alipotaka jibu kutoka nyumba ya pili.

"Anasema marahaba," nikamwambia. "Anasema marahaba, mwanangu."

Akainamisha kichwa akalia kwa sauti, yule mtu mzima wa serikali, mpaka Alute akamshika mabega.

Tulirudi mimi na Paskali nyuma ya wengine, yeye akiikokota baiskeli. Akaniuliza mama alikuwa na uso wa namna gani, kama alifanana na Magdalena. Nikamwambia yote: mwanya wa meno ya mbele, kovu dogo kwenye nyusi, jinsi alivyokunja pua akicheka, alivyosimama nyuma ya mlango akitabasamu kila kengele ilipopita. Hayo yalikuwa kweli na nilimpa yote, sikubakiza. Tulipokaribia jabali la kwanza alisimama.

"Dada Martha, siku ile. Nilipopita. Alikuwa ameshazimia, au alinisikia?"

Miaka mitatu nilikuwa nimebeba maneno kati ya nyumba zile, na sikuwahi kubadili hata moja. Hata lile la shati na kuku nililifikisha lilivyo.

"Alikuwa ameshapoteza fahamu," nikasema. "Hakusikia kitu. Hata mimi nilipofika hakunijua."

Akashusha pumzi. Aliniamini, kwa sababu sikuwahi kumdanganya. Akainama, akafungua kengele kwenye usukani kwa vidole, ikachukua muda maana skrubu ilikuwa na kutu, akanipa.

"Kaa nayo wewe," akasema. "Sina wa kumpigia tena."

Iko humu ndani. Nimeifunga kwenye kitambaa ili isilie nikigusa rafu kwa bahati mbaya, maana kati ya Paskali na mimi ni ukuta mmoja tu wa udongo, na akiwa nyumbani anasikia kila kitu.